Kwa nini Louis XIV hakuwafukuza majaji wake
Umeuliza kwa nini Louis XIV, mfalme wa Ufaransa, pamoja na nguvu zake zote, hakuwafukuza tu majaji waliompinga. Sababu ni kwamba cheo cha ujaji kilikuwa mali ya jaji mwenyewe. Alikinunua kwa fedha zake, na tangu mwaka 1604, kwa kulipa kila mwaka kodi iliyoitwa paulette, yaani sehemu moja ya sitini ya thamani ya cheo, aliweza kumrithisha mwanawe hata akifa ghafla, ilhali hapo awali cheo kilirudi kwa mfalme iwapo mwenye nacho alifariki kabla ya siku 40 kupita tangu alipokikabidhi kwa mwingine. Kumwondoa kulimaanisha kumrudishia fedha, na hazina iliyokuwa ikilisha vita haikuwa nazo.

Ndiyo maana Parlement ya Paris, ambayo ilikuwa mahakama na si bunge, iliweza kukawia kusajili amri za kifalme, yaani kuziandika katika daftari zake ili zitumike, na kuandika malalamiko, hadi mfalme aende mwenyewe, aketi juu ya mito pembeni mwa ukumbi, chini ya kitambaa kilichotandazwa kama dari, na kuagiza amri isajiliwe mbele ya macho yake. Mwaka 1673 Louis aliwaamuru wasajili kwanza ndipo walalamike; alipofariki mwaka 1715, haki yao ya zamani ilirudishwa mara moja. Kwa maoni yangu, hata maintendanti, yaani maofisa wa mfalme mikoani, aliowateua na kuwaondoa apendavyo, walihitajika hasa kwa kuwa vyeo vingine vilikwisha kuuzwa.