Fremu ndogo haikuzwi kwa stemu ndefu

Wadogo zangu mlioanza juzi kuongoza wageni wa baiskeli hapa Moshi, jana nilimkuta mmoja wenu karakanani ameshafunga stemu ndefu (kipande kinachounganisha usukani na foki) na anavuta nguzo ya siti hadi ikapita alama ya mwisho, kwa sababu mgeni wake alikuwa mrefu na fremu kubwa zote zilikuwa safarini. Nilimzuia, lakini usiku sikulala vizuri.

1. Fremu ni ya kwanza. Katika mwaka wangu wa pili kazini nilimpa mgeni mrefu fremu ya kati, nikapandisha siti, kisha nikatoa stemu ya milimita 80 na kufunga ya 110 ili asibanwe. Alizunguka uani akasema yuko sawa, na hata tulipopanda kuelekea Kibosho hakulalamika. Balaa lilianza tulipoteremka kati ya migomba. Stemu ile ilikuwa imekipeleka kifua chake juu ya gurudumu la mbele, siti iliyopanda ikamzuia kurudisha makalio nyuma, na foki yenyewe, ile mikono inayoshika gurudumu la mbele, ilikuwa imesimama kwa nyuzi 71 kutoka ardhini, kama zilivyo baiskeli nyingi za zamani za mashindano. Gurudumu lilipozama katika mfereji mwembamba wa kumwagilia, baiskeli ilisimama, yeye akapita juu ya usukani. Mtulinga ulivunjika. Akiwa ameegemea mgomba, ameushika mkono wake, aliniuliza kama alikosea kubana breki. Nikamjibu, "Labda." Jibu hilo linaniuma kuliko ajali yenyewe, kwani yeye hakukosea chochote, mimi ndiye niliyemkosea tangu karakanani.

2. Foki iliyolala, ya nyuzi 65 au 66, hulitanguliza gurudumu mbele na kuituliza baiskeli mteremkoni, ila katika kupanda polepole usukani hutangatanga, na mgeni hudhani amechoka. Mlifikirie hilo mnapowaandalia wanaopanda Kilimanjaro kwa njia ya Kilema hadi kambi ya Horombo, mita 3,720, kwa kuwa saa nyingi za safari hiyo ni za kupanda.

3. Foki inayoweza kuzama hadi milimita 120 izame milimita 25 hadi 30 mgeni anapokaa tu. Isipozama kabisa, viganja vyake vitakufa ganzi kabla ya chakula cha mchana.

4. Msijaze tairi upepo hadi ziwe kama jiwe, jamani. Tairi ngumu hurukaruka juu ya mizizi badala ya kuishika njia. Ikilegea mno nayo, tyubu hubanwa na rimu na kutoboka. Tumieni geji, si kidole gumba.

Yule mgeni wa jana tulimwomba asubiri fremu kubwa irudi kutoka Materuni. Alisubiri hadi saa saba mchana, akanywa kahawa vikombe viwili, na kijana wetu akaitumia nafasi hiyo kuirudisha stemu fupi mahali pake.