Daftari la vilima kwa mtu wa kisiwani

Simu iliniambia nimezama. Nilikuwa nimesimama ufuoni Shela, ndara mkononi, maji yakinilamba vifundo, na skrini inaandika mwinuko wangu: -26. Mita ishirini na sita chini ya bahari, nami napumua. Nilicheka, kisha nikaudhika, maana nilikuwa nimekwisha kurekodi matembezi ya miezi mitatu na tarakimu za namna hiyo zilikuwa ndani ya kila faili, zikinisubiri.

Nitarudi kwenye kuzama huko. Kwanza nikiri ambalo marafiki wa bara hunitania nalo: Lamu hatuna milima. Tuna vilima vya mchanga nyuma ya Shela, basi. Mtaita aliyekulia chini ya Vuria, mita 2,208, ana haki zote za kunicheka. Namwalika tu aje mwezi wa Februari, saa nne asubuhi, apande pale ambapo ukienda hatua mbili mchanga unakurudisha moja, halafu tuzungumze. Ninayoyaeleza hapa yatamfaa hata yeye, na anayepanda Ngong, na anayezunguka magenge ya Marafa kule nyuma ya Malindi.

Nilianza kurekodi 2019. Ya miaka miwili ya mwanzo sinayo. Programu niliyotumia wakati ule ilikuwa nzuri machoni. Ilinipa nishani kila nikimaliza kilomita kumi, hata siku ya kuzaliwa ilinikumbuka. Lakini safari zangu zilikaa kwake, hazikukaa kwangu. Siku moja, nikishuka botini gatini Shela, simu iliteleza mfukoni ikaingia majini. Nilipopata nyingine na kujaribu kuingia tena, akaunti ilitaka namba iliyotumwa kwenye laini niliyokwisha kuiacha. Niliandika barua pepe tatu, nikajibiwa na mashine. Siitaji programu yenyewe, na kosa kubwa lilikuwa langu: miaka miwili sikuwahi kuzitoa safari zangu humo hata mara moja.

Tangu hapo nina sharti nisilolilegeza. Kabla sijanywa chai, njia ya leo itoke kwenye programu ikiwa faili ya GPX, iende kwenye barua pepe yangu na kwenye kompyuta ya nyumbani. GPX ni maandishi matupu. Ifungue kwa programu yoyote ya kuandikia utaiona mistari imepangana: latitudo, longitudo, mwinuko, saa. Muundo huo upo tangu 2002 na karibu kila programu ya ramani inausoma. Matembezi ya saa tatu hayafiki ukubwa wa picha moja ya simu, kwa hiyo usisingizie bando. (Usishtuke tu ukiona saa humo ndani. Faili huandika saa ya dunia, iliyo nyuma yetu kwa saa tatu. Nikitoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, simu inaonyesha 6:30 na faili inaandika 03:30. Majina matatu ya saa kwa alfajiri moja.)

Mimi narekodi kwa OsmAnd. Wenzangu wawili wanapenda Organic Maps kwa wepesi wake. Zote mbili zinatumia ramani ya OpenStreetMap, na ramani unaipakua mara moja ukiwa nyumbani, ukaenda nayo kusiko na mtandao. Kwenye kompyuta nazikusanya njia zote ndani ya QGIS, programu ya kutengenezea ramani, lakini simshauri anayeanza. Inataka subira ya mshona kofia.

Simu nyingi huzima programu zinazofanya kazi chinichini ili kuokoa chaji. Nina faili moja ambayo inaonyesha nikitoka Shela na kufika Kipungani kwa mstari mmoja ulionyooka kama uzi wa fundi, kana kwamba nilibebwa na kunguru. Ingia kwenye mipangilio ya betri, uiruhusu programu ya ramani ifanye kazi bila kuzuiwa, kisha uijaribu siku ya matembezi mafupi kabla ya kuitegemea.

Tena usianze kurekodi ukiwa mitaani. Njia zetu za Lamu ni nyembamba, kuta za mawe zimepanda pande zote mbili. Mawimbi ya setilaiti hugonga ukuta kwanza ndipo yafike kwenye simu, na simu huhesabu umbali usio wake. Faili zangu za zamani zinanionyesha nikikatiza nyumba za watu, ukumbi kwa ukumbi, na mara mbili nikipita ndani ya msikiti na viatu vyangu. Siku hizi nabonyeza nikishaziacha nyumba za mwisho za Shela. Kuna faida ya pili: faili inayoanza mlangoni kwako ni anwani yako, na hujui itaishia mikononi mwa nani.

Sasa kule kuzama. Setilaiti hazijui bahari iko wapi. Hupima mwinuko kutoka kwenye umbo la dunia lililolainishwa kwa hesabu, kama chungwa lililobanwa kidogo juu na chini, na bahari halisi haifuati umbo hilo. Pengine iko juu yake, pengine chini. Kwetu pwani ya Kenya iko chini yake kwa zaidi ya mita 20. Simu haikukosea, ilijibu swali nisilouliza. Programu nyingine husahihisha zenyewe, nyingine zinakutaka uwashe marekebisho kwenye mipangilio. Kujua yako ni ya kundi gani ni kazi nyepesi kwetu kuliko kwa mtu wa Nairobi: teremka hadi majini, simama dakika tano mahali pa wazi, usome. Sufuri tunayo mlangoni.

Simu zenye kipimo cha mgandamizo wa hewa nazo zina lao. Karibu na usawa wa bahari, mgandamizo hupungua kwa milibari moja hivi kila ukipanda mita 8, na simu hugeuza upungufu huo kuwa mwinuko. Ni njia nzuri kwa mlima wa saa moja. Tatizo ni kwamba hewa ya nchi za ikweta hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, kama bahari: hufika juu yapata saa nne asubuhi, kisha hushuka mpaka saa kumi jioni, tofauti ya milibari mbili au tatu. Sikuamini nilipoambiwa. Nikaiacha simu juu ya daka la nyumba yetu asubuhi hadi jioni, ikirekodi. Ilipanda mita ishirini na mbili bila kuondoka kwenye jiwe.

Kwa sababu hizo siitazami tena jumla ya mpando. Programu hujumlisha kila mtetemeko wa vipimo. Siku moja iliniandikia nimepanda mita 640, kwenye vilima ambavyo mtoto akiita juu husikika chini. Naandika idadi ya vilima: vitatu, vitano, kimoja na nikarudi.

Nimefika kwenye kile ambacho kwangu ndicho daftari lenyewe. Mstari mwekundu kwenye ramani unakwambia ulipita wapi. Haukwambii kwa nini ulipinda pale. Baada ya miezi sita utaufungua na hutakumbuka lolote. Kwa hiyo kila faili yangu ina maneno ya siku ile ile, mistari minne au mitano, na jina lake naliandika hivi: 2023-08-19, mwezi 2 Mfunguo Tano, Shela. Mwaka unatangulia ili faili zijipange zenyewe. Mwezi wa Kiislamu nauweka kwa ajili ya maji. Mwezi mchanga na mwezi mpevu ni siku za bamvua, na bamvua kwetu maana yake asubuhi ya saa nne au tano maji yamekupwa sana, unaweza kurudi kwa chini, kwenye mchanga mgumu. Wiki moja baadaye ni maji mafu, mambo yamegeuka, na saa hizo hizo ufuo umebanwa. Nikiitazama tarehe moja tu najua kwa nini siku ile nilirudi kwa juu. Manahodha wetu walilijua hili bila setilaiti, na sioni kwa nini daftari la simu lisahau.

Siku hiyo ya Mfunguo Tano niliandika: "Kusi kali, mchanga unapiga magotini. Kilima cha pili kimekula mlakasa wote wa upande wa bahari. Punda wawili chini ya mkoma, hawana mwenyewe. Kamba ya ndara imekatika, nimerudi peku." Sikuhitaji picha.

Kusi ndilo linalofanya daftari la hapa litofautiane na la milima ya mawe. Mistari ya miinuko unayoiona kwenye ramani nyingi imetokana na vipimo vya chombo cha anga cha Marekani kilichozunguka dunia siku 11 za Februari 2000, na kila kipimo kinabeba eneo la takriban mita 30 kwa 30. Vuria haina neno, haijaenda popote. Mchanga wa Shela umevumiwa miaka yote hiyo. Kilele nilichokitia alama 2021 nilikirudia 2023 nikajikuta nimesimama kwenye mteremko, na kilele kiko hatua kama ishirini kuelekea bara. Simu hukosea mita tatu hadi tano hata mahali pa wazi, kwa hiyo tofauti ya hatua mbili nisingeihesabu. Ishirini naihesabu.

Mwaka ule ule mzee mmoja mvuvi alinikuta nimeinama juu ya skrini.

"Mwanangu, wahisabu mtanga?"

"Naandika njia, Ami."

"Njia ya mtanga!" Akacheka, lakini akainama naye. Nilimwonyesha mahali tulipo, naye akaanza kunyosha kidole: pale walikuwa wakifukua maji matamu walipokuwa vijana, kule wakipumzika na mizigo. Mvua inayonywewa na vilima hivi ndiyo inayolisha visima vya mji, hilo kila mtu analijua; sikujua kwamba mahali pa kufukua palikuwa na majina. Alinitajia matatu. Hakuna hata moja lililoko kwenye ramani yoyote. Niliyaandika pale pale, na sauti yake nikairekodi nikayatamke vizuri, kwa idhini yake.

Kwa hiyo ukimkuta mtu mzima njiani, weka haraka kando. Salimia, keti, uliza panaitwaje. Majina hayo unaweza kuyaweka kwenye OpenStreetMap mwenyewe, ni ramani ya watu wote, ila uliza kwanza kama wenyewe wanaridhia. Alama za viota vya kasa usiziweke popote. Zibaki kwenye faili yako tu, au usiziandike kabisa.

Jumamosi iliyopita nilifungua faili ya 2021 nikaamua kuifuata hatua kwa hatua. Robo saa mambo yalikwenda. Kisha simu ikasisitiza kwamba niko juu ya njia yangu na niendelee mbele, na mbele palikuwa na ukuta wa mchanga unaonipita kichwa, laini, bila alama ya mguu wa mtu wala punda. Nikabonyeza kurekodi upya, nikazunguka kushoto.