Kwapa kunuka na kuwasha baada ya kuhamia deodoranti ya mimea

Dada, pole. Umesema tangu uhamie deodoranti ya mimea, kwa kuwa unakwepa vitu vya wanyama, kwapa linanuka zaidi, linawasha na limekuwa jekundu. Kunuka zaidi tangu uhamie ya mimea si sumu inatoka mwilini, usiwasikilize wanaosema hivyo. Ile ya zamani ilikuwa na chumvi za alumini zinazoziba vijitundu vya jasho. Hii inapambana na harufu tu, kwa hiyo kulowa utalowa, hasa kwa joto la Dar. Jasho lenyewe karibu halinuki. Bakteria wa kwapani wakilichakata ndipo harufu inapotoka. Oga kwa sabuni asubuhi na jioni, kausha kwapa kabisa ndipo upake.

Huo muwasho na wekundu ndio unaonitia wasiwasi. Soma kopo: kama ina baking soda, iache leo hii. Ni alkali, yaani kinyume cha asidi, na ngozi yetu ina asidi kidogo, ndiyo maana inawaunguza wengi. Tafuta yenye magnesiamu haidroksaidi. Ukishauriwa upake shabu, jua nayo ina alumini. Na kwa kuwa unakwepa vitu vya wanyama, angalia nta ya nyuki. Imejaa kwenye hizi zinazoitwa asilia. Upele usipopungua ndani ya wiki, muone daktari wa ngozi.