Mume wangu amepoa kiroho, nani atanitia moyo?

*Shangazi, nimeokoka na nina kiu ya Mungu, ila nyumbani ni pakavu. Mume wangu haji mkeshani wala kwenye ibada za katikati ya wiki. Nikirudi usiku nakuta watoto wameshalala, chakula kimefunikwa mezani, naye anakoroma. Hakuna wa kuniuliza Bwana amesema nini. Anayenitia moyo ni ndugu mmoja wa kikundi cha maombi, hunitumia neno kila usiku. Mume amenuna. Nitakuaje kiroho na mtu wa hivi?*
*Mwenye Kiu*

Pole, mwanangu. Ukavu wa moyo unaumiza. Ila msema pweke hakosi, na wewe hata peke yako umejikosesha.

Hicho chakula kilijifunika chenyewe? Watoto walijiogesha, wakajilaza? Soma 1 Wafalme 19. Eliya alikata tamaa hadi akaomba afe. Malaika hakumhubiria. Alimgusa, akamwambia ainuke, ale; pale kichwani palikuwa na mkate na gudulia la maji. Akala, akalala, akaguswa tena, akala tena. Ile sauti ndogo ya utulivu aliisikia baadaye, huko Horebu. Wewe kila usiku unaupita mkate wako mezani, unakimbilia simu.

Tena hiyo simu! Huyo ndugu ana mke? Mbona hukusema? Mstari wa Biblia anaotumiwa mke wa mtu usiku huwa na mstari mwingine chini yake, usioandikwa. Waebrania 10 inatuhimiza tuonyane tukiwa tumekusanyika, si vichochoroni. Mumeo hakuununia wokovu. Komesha hayo mazungumzo leo, bila maelezo marefu. Wa kukuombea ni kina mama wenzako kikundini.

Ndoa za siku hizi zina ugonjwa huu: kukua kiroho kumegeuka kutoka nyumbani. Mtu anajua ratiba ya kila semina, hajui mwenzake kazini wamemfanyaje. Tunda la Roho katika Wagalatia 5 ni upendo, furaha, amani, uvumilivu na mengine hadi kiasi. Uvumilivu huo utaupimia wapi, kwenye kipaza sauti? Unapimwa na mtu aliyeacha taulo bichi kitandani. Hata kwa mume asiyeamini kabisa, 1 Petro 3 inasema avutwe kwa mwenendo wa mkewe, pasipo neno. Wako hujasema haamini. Umesema anakoroma, na mimi nadhani amechoka.

Mkesha ujao baki nyumbani. Kula akiwa macho, mshukuru, kisha muulize yeye huomba lini na humwomba Mungu nini. Huenda jina lako limo humo. Na akianza kuomba kwa sauti yake ya chini, ya maneno mawili matatu, usimsahihishe.