Staa mmoja anaibeba timu mpaka wapi? Maswali yenu na majibu

Maswali ya safari hii yamefanana. Karibu wote mnataka kujua mchezaji mmoja mkubwa ana uzito gani kwenye timu. Nimechagua machache, na mengine nimeyaunganisha kwa sababu yalikuwa yanauliza jambo lile lile, tofauti ni hasira tu.

Shikamoo. Kwenye kibanda umiza cha huku Igoma tulibishana hadi mwenye kibanda akatishia kuzima televisheni. Mimi nasema LeBron James ana faida kwa timu yake kuliko Messi kwa timu yake. Wenzangu wananicheka. Nani yuko sahihi? (Kijana, Igoma)

Marahaba. Uko sahihi wewe. Hao wanaokucheka hawajahesabu watu.

Kikapu wanaingia uwanjani watano tu. Staa anakaa uwanjani dakika 35 hadi 40 kati ya 48, anashambulia na kukaba, na kila timu yake inapokuwa na mpira anaweza kuuomba apewe. Kwenye mechi moja ya NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, kila timu hushambulia kama mara mia hivi. Ukiharibu mara kumi bado una nafasi nyingi za kusahihisha, kwa hiyo bahati haipati mahali pa kujificha. Itazame Cleveland. Msimu wa 2009/10, wakiwa na LeBron, walishinda mechi 61 kati ya 82. Akahamia Miami. Msimu uliofuata walishinda 19, na humo ndani walifungwa mechi 26 mfululizo. Kocha naye alikuwa amebadilishwa, ni kweli, lakini kocha peke yake haangushi timu namna ile.

Soka ni watu 11, na mchezaji mmoja anakuwa na mpira mguuni dakika mbili tatu tu katika zile 90. Muda wote uliobaki anakimbia, anaomba, anasubiri wenzake. Mabao nayo ni machache, kwa hiyo kosa moja la mtu asiyejulikana linaweza kufuta kazi yote ya staa. Fainali ya Kombe la Dunia 2022, Kylian Mbappé alifunga mabao matatu. Matatu, kwenye fainali! Akarudi nyumbani na medali ya fedha. Dakika za nyongeza zikielekea ukingoni, ubao ukisoma 3-3, Randal Kolo Muani wa Ufaransa alibaki yeye na kipa wa Argentina. Emiliano Martínez akajitanua, akanyoosha mguu wa kushoto, mpira ukamgonga ukatoka. Hapo Messi, aliyekuwa ameshafunga mawili, hakuwa na la kufanya. Kombe tunalomhesabia yeye lilipita kwenye mguu wa kipa, kisha likamaliziwa kwa matuta, 4-2.

Ila usiwatambie sana. Michael Jordan alipostaafu mara ya kwanza mwaka 1993, Chicago Bulls walikuwa wametoka kushinda mechi 57 na ubingwa wa tatu mfululizo. Bila yeye walishinda 55. Scottie Pippen alikuwepo, kocha Phil Jackson alikuwepo, na mfumo ulikuwepo. Kilichopotea ni ubingwa: walitolewa na New York Knicks raundi ya pili, kwenye mechi ya saba. Mimi naisoma hivi: timu iliyojengwa vizuri inaweza kufika mbali bila staa, ila zile hatua mbili za mwisho, mpinzani anapokuwa mzuri kama wewe, ndipo anapohitajika.

Mbwana Samatta alikuwa mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza barani, akafika hadi ligi ya Uingereza. Mbona Taifa Stars haikunufaika? (Mzee wa Pasiansi)

Mzee wangu, imenufaika, ila si kwa kiasi ulichotegemea. Mwaka 2019 tulikwenda AFCON kwa mara ya kwanza tangu 1980, naye akiwa nahodha. Tulifungwa mechi zote tatu. Ile ya Kenya ndiyo inayouma mpaka leo: tuliongoza mara mbili, bao la pili alilifunga yeye mwenyewe, tukapoteza 3-2. Sasa niambie, straika angefanya nini zaidi? Mabao yaliyotuua yalipita nyuma yake, mita sabini kutoka aliposimama.

Na si sisi tu. George Weah alichukua Ballon d'Or mwaka 1995, lakini Liberia haijawahi kucheza Kombe la Dunia. Walikaribia kwenda la 2002, wakazidiwa na Nigeria kwa pointi moja. Upande wa pili kuna Zambia ya 2012, ambayo ukiuliza vijana wa leo wakutajie wachezaji wake watatu watakuna kichwa. Walibeba AFCON mbele ya Ivory Coast ya Didier Drogba na Yaya Touré. Drogba alipata penalti ndani ya dakika 90, akaipaisha. Mechi ikaisha 0-0, Zambia wakashinda kwa matuta 8-7.

Staa wa timu kubwa akiwa majeruhi, nibadilishe mkeka? (Nyakato)

Wanaopanga odi wamejua habari ya majeruhi kabla yako. Hela hiyo nunua sato.

Mtaani kwetu Mabatini tumeingia fainali ya ndondo. Tumechanga laki tatu za mamluki. Tumchukue straika mmoja anayecheza ligi, au watatu wa kawaida? Kamati imegawanyika. (Katibu wa timu)

Hili ndilo swali nililolipenda kuliko yote, kwa sababu lina hela ndani yake.

Kabla ya kumpigia simu mtu yeyote, kaeni kamati muandike mabao yote mliyofungwa tangu mashindano yaanze, kila moja na jina la aliyesababisha. Msioneane haya. Kama jina moja linajirudia, hapo ndipo hela inapokwenda, hata kama ni kipa ambaye mjomba wake ndiye mwenyekiti. Soka ni mchezo unaoadhibu aliye dhaifu. Mpinzani mwenye akili haendi kupambana na staa wako. Anamtafuta beki wako wa kulia anayechelewa kurudi, na mpira wote anaupitisha huko. Kununua straika wa laki tatu wakati beki anavuja ni kufunga injini kwenye mtumbwi wenye tundu.

Kuna staa wa aina nyingine ambaye watu hawamwoni: anayefukia makosa ya wenzake. N'Golo Kanté alikuwa Leicester walipobeba ligi ya Uingereza 2016. Akahamia Chelsea waliokuwa wamemaliza nafasi ya kumi, wakawa mabingwa 2017, na Leicester wakaangukia ya 12. Chelsea walipata pia kocha mpya, kwa hiyo sitampa Kanté sifa zote, lakini kiungo wa namna hiyo anagusa mechi mara nyingi kuliko mfungaji.

Hata hivyo ndondo si ligi. Mabeki hawajafundishwa kukaba kwa mpangilio, uwanja una mashimo, na mtu mmoja mwenye mguu wa faulo anaweza kuwamaliza. Kwa hiyo kama ule ukaguzi wenu unaonyesha nyuma kuko salama, mchukueni straika bila woga. Kama si salama, gawanyeni: beki wa kati mzoefu na kiungo mmoja, hela ibaki ya nauli na maji. Na someni kanuni za mashindano, maana wengine wanaruhusu mamluki wawili tu na wengine hawaruhusu kabisa. Yule kijana aliyewafikisha fainali bure, ambaye sasa anakwenda benchi, mwambieni mapema na mwambieni nyinyi wenyewe. Asisikie saluni.

Watu walisema Yanga wamekwisha Mayele alipoondoka. Hawakwisha. Kwa nini? (Msomaji, Buhongwa, na wengine wengi wa upande ule mwekundu)

Kwa sababu waliisambaza kazi yake. Fiston Mayele alimaliza msimu wa 2022/23 na mabao 17 ya ligi, akaisaidia Yanga kufika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Msimu uliofuata Aziz Ki, ambaye ni kiungo, alifunga 21 na ubingwa ukabaki Jangwani. Mayele naye akachukua ubingwa wa Afrika na Pyramids ya Misri 2025. PSG ni hivyo hivyo: walikuwa na Messi, Neymar na Mbappé pamoja misimu miwili, yote wakaishia 16 bora Ulaya. Mbappé, wa mwisho kati yao, alipoondoka, mwaka uliofuata wakaifunga Inter 5-0 kwenye fainali ya Ligi ya Mabingwa.

Nina binti mrefu, akirusha mpira kwenye pete hakosi. Bado tunafungwa netiboli kila mwaka kwenye mashindano ya shule. Nakosea wapi? (Mwalimu wa michezo, Magu)

Mwalimu, huyo binti ni GS, yaani mfungaji mkuu, na GS haruhusiwi kutoka kwenye theluthi yake ya uwanja. Hawezi kushuka kuufuata mpira. Sheria inamtaka kila mchezaji aachie ndani ya sekunde tatu, na hakuna kutembea nao. Maana yake staa wako anaishi kwa kuletewa. Malawi wamekuwa na Mwai Kumwenda, mfungaji aliyecheza hadi ligi ya Australia, na bado nchi yake haijafika tatu bora za Kombe la Dunia. Acha kumfundisha yeye kwa mwezi mzima. Wachukue C (wa katikati) na WA (winga wa kushambulia), uwafundishe pasi ya juu inayomkuta hewani, beki akiwa mgongoni kwake. Na umtafute GA, mfungaji wa pili, anayethubutu kurusha, la sivyo wapinzani watamwekea binti yako mabeki wawili na mchezo umeisha.

Mashindano ya mitumbwi: mwenye nguvu kuliko wote tumkalishe wapi? (Nansio, Ukerewe)

Katikati. Mbele kaeni wenye mapigo yasiyoyumba, kwa sababu walio nyuma wanawatazama hao. Huyo mwenye nguvu akivuta bila kufuata mapigo, chombo kinakwenda upande, na wa nyuma anayeongoza atalazimika kukirudisha kwa kasia lake, jambo linalopunguza mwendo. Mkimjaribu mazoezini na hafuati, mwacheni nchi kavu.