Mtoto Si wa Kushika Tochi

Nilipokuwa mdogo, gereji nilikuwa na kazi moja tu: kushika tochi. Baba yangu analala chini ya gari, mimi nammulikia, na kila baada ya dakika mbili nagombezwa kwamba mwanga umeenda siko. Nilizijua soli za viatu vyake kuliko nilivyoijua injini. Kwa hiyo mwanangu alipofika miaka 13, tukaleta nyumbani Datsun 240Z ya mwaka 1972 iliyokuwa imekufa zamani, nikajiapiza kwamba huyu hatashika tochi. Mwaka wa tatu huu. Kiapo nimekivunja mara moja tu, na mara hiyo moja nusura iuzike mradi mzima.

Nianze na gari lenyewe. Wazazi wanaoniuliza waanze na gari gani hutaka niwatajie jina. Mimi huwauliza mtoto amelipenda lipi, maana asiyelipenda gari ataichoka kutu kabla mwezi haujaisha. Wangu aliingia wazimu na 240Z aliposikia kwamba lilishinda mashindano ya Safari Rally ya Afrika Mashariki mwaka 1971, Edgar Herrmann akiendesha na Hans Schüller akiwa msaidizi wake, likashinda tena 1973, safari hiyo Shekhar Mehta akiendesha. Gari la milango miwili, boneti ndefu kama ulimi, kupita kwenye tope na mashimo yale! Mimi nililipenda kwa sababu za kizee. Injini yake, L24, ina silinda sita zilizojipanga mstari mmoja, ujazo wa cc 2,393, na haitegemei kompyuta yoyote. Ukifungua boneti unaona kila kitu na mkono unapita. Mtoto anaweza kuifuata petroli kwa kidole toka kwenye pampu hadi kabureta, pale inapochanganywa na hewa.

Mkienda kununua, injini iangalieni mwisho. Injini mbovu hutengenezeka. Bodi iliyooza ndiyo huua miradi. Gari hili halina chesisi iliyotengana na bodi, bodi ndiyo mifupa, na kutu yake hupenda pale pale: chini ya betri, sakafuni, na kwenye reli zinazopita chini ya sakafu. La kwetu tuliinua zulia tukaona ardhi. Mpe mtoto sumaku iliyofungwa kitambaa azunguke nayo gari zima; inapokataa kushika, chini ya rangi kuna puti, chuma kilishaondoka. Mwanangu aliifanya kazi hiyo mbele ya muuzaji, bila haya, akiita kwa sauti kila mahali sumaku ilipoanguka. Bei ilishuka bila mimi kufungua mdomo.

Kufungua gari ni utamu mtupu, ndiyo maana wengi huishia hapo. Pigeni picha kabla ya kung'oa chochote, na bolti za kila sehemu ziingie mfuko wake wenye maandishi ya mtoto mwenyewe. Jambo dogo ambalo lilitutesa: skrubu za nyota za gari za Kijapani za enzi hizo ni za kipimo cha JIS, yaani kiwango cha viwanda vya Japani. Kwa macho hutofautishi na Phillips, zile za nyota za kawaida, lakini bisibisi ya Phillips huruka nje na kula kichwa. Tulikula vichwa vinne ndipo tukajua. Tafuteni bisibisi yake kabla hamjagusa kitu.

Sasa ile mara moja.

Gari lina kabureta mbili za aina ya SU, zilizotengenezwa na Hitachi. Nilimkabidhi mwanangu zote mbili. Akazifungua, akazitandaza kwenye gazeti, kisha zikakaa. Wiki ya kwanza, wiki ya pili. Kila nikipita naziona zinanikodolea macho. Usiku mmoja usingizi ulinikataa, nikashuka gereji, nikazisafisha na kuzifunga zote kabla ya alfajiri. Asubuhi nikamwita nikiwa nimejaa tabasamu: "Njoo uone, baba, nimekusaidia."

Akaangalia. Akasema, "Asante, Mama."

Hakununa wala hakulalamika. Ila gereji hakukanyaga tena kwa wiki sita. Nilimwomba radhi, akasema hakuna neno, akaendelea na mambo yake. Mzazi yeyote anaijua "hakuna neno" ya namna hiyo.

Na bado kabureta moja ilikuwa mbovu. Pistoni ya ndani, ambayo ukiinyanyua inapaswa kushuka yenyewe taratibu na kugonga chini, ilikuwa inakwama katikati. Nilihangaika nayo jioni tatu. Ndipo nikaliokota lile gazeti nililolikunja na kulitupa pembeni, nikakuta michoro ya penseli: mishale, herufi M na N, duara kuzunguka kila kipande. Nikaenda chumbani kwake nalo. "Hizi alama zako zina maana gani?"

Akanitazama kama mwalimu anavyomtazama mwanafunzi wa nyuma. M ni kabureta ya mbele, N ya nyuma. Kila pistoni imepimwa na kofia yake, hazibadilishani, alikuwa amesoma hivyo, na ndiyo maana alikuwa anakwenda polepole. Mimi, fundi wa usiku, nilikuwa nimezichanganya. Alishuka gereji na pajama, akazifungua tena. Radhi haikumrudisha. Swali ndilo lililomrudisha, kwa sababu lilikuwa swali la kweli: jibu alikuwa nalo yeye, mimi sina.

Tangu siku hiyo kazi ya mtu haiguswi na mwingine, hata ikioza. Heta ya gari imekaa kwenye boksi miezi minane na nimejifunza kuipita.

Isipokuwa kwenye uhai. Hapo mimi ni dikteta. Gari likinyanyuliwa linakaa kwenye stendi, jeki peke yake haiaminiki hata kwa dakika moja. Vumbi la breki za zamani halipulizwi, linalowanishwa na kufutwa, kwani linaweza kuwa na asbesto. Rangi ya zamani huweza kuwa na madini ya risasi, kwa hiyo msasa ni wa maji na barakoa juu. Na chuma cha kuchomelea hakisafishwi kwa dawa ya breki yenye klorini, maana ikikutana na moto ule hutoa fosjini, gesi inayoua. Sakafu yenyewe nilimpa fundi wa kuchomelea, wala sioni aibu. Alikuwa mtu mwema: kabla ya kukata alimwita kijana amshikie vyuma vya kukaza nafasi za milango ili bodi isijikunje, akamwachia apime mwenyewe.

Kazi iliyomfaa kuliko zote ilikuwa kurekebisha valvu. Ziko 12, na injini ikiwa baridi nafasi ni milimita 0.20 za kuingiza hewa na 0.25 za kutolea moshi. Ni kazi ya kusikia kwa vidole, ile fila, kibati chembamba cha kupimia nafasi, ipite kwa kukwaruza kidogo tu. Mtoto mwenye subira huifanya vizuri kuliko mtu mzima mwenye haraka. Alipomaliza, ulimi uliniwasha. Nikamuuliza tu kama angependa nikague. Akasema valvu ya saba ndiyo anayoitilia shaka. Nikakagua hiyo moja. Ilikuwa imebana kidogo.

Siku ya kuwasha, injini ilipiga mshindo kama bunduki na kuzima. Mpangilio wa moto, yaani zamu ya kila silinda kuwaka, 1-5-3-6-2-4, ulikuwa ukutani kwa chaki, kwa mwandiko wake. Nyaya za plagi nilizichomeka mimi. Haya, tuendelee. Kabureta tulizisawazisha kwa kipande cha mpira: ncha moja sikioni, nyingine kwenye mdomo wa kabureta, unasikiliza mlio wa hewa mpaka zote mbili zisikike sawa. Sikio lake ni zuri kuliko langu, kwa hiyo mimi nilikuwa wa kuzungusha skrubu kwa amri.

Gari sasa linatembea, ila ndani linanuka moshi, ugonjwa wa 240Z nyingi. Moshi huingilia mlango wa nyuma na kwenye mipira ya taa. Mipira tumebadilisha, harufu ipo. Jana usiku alijilaza ndani, nikamfungia, tukazima taa za gereji, nami nikawa nazunguka nje na mwanga ukingoni mwa mlango ili aone unapenya wapi.

"Hapo! Umepita, Mama. Rudi. Rudi kidogo."

Ni kwenye kona ya chini, kushoto, karibu na taa. Kesho tunaing'oa.