Picha mbili jina moja: yaliyonipata kwenye harusi ya Langoni

Mimi napiga picha upande wa wanawake, kule mwanamume haingii, kwa hivyo kazi zangu nyingi hapa Lamu ni hina na kupamba, na sharti la kwanza la mama yeyote ni kwamba picha zisitoke nje ya nyumba yake. Siweki chochote mtandaoni. Ndo maana siku nilipopoteza picha 140 za hina hapakuwa na pahali pengine pa kuzitafuta, hakuna aliyezipost, hakuna shoga aliyepiga na simu yake kwa sababu simu zilikusanywa mlangoni.

Ilikuwa hivi, harusi ya mtaa wa Langoni. Siku ya kwanza nilipiga hina, nikarudi nyumbani nikakopi kwa laptop kwenye folda nimeiita "Harusi", nikafomati ile kadi ya kamera, yaani nikaifuta, nikampa binamu yangu aliyekuwa na kazi Shela. Siku ya pili kupamba, nikatia kadi nyingine, picha 140 kamili. Usiku nimechoka, macho yanafumba yenyewe, nakopi kwenye folda ileile, laptop ikauliza kama iziondoe za zamani iweke mpya na mimi nikabonyeza ndiyo, tena nikabonyeza ndiyo kwa zote. Asubuhi nafungua, hina inaanza IMG_0141. Mikono ya bi harusi ikipakwa, bibi yake anayeimba, yote imefunikwa na picha za kupamba zenye majina yaleyale.

Kamera haikukosea, mimi ndo nilikuwa sijui inavyotoa majina. Zipo kanuni za pamoja ambazo watengenezaji wa kamera wanazifuata tangu 1998, zinaitwa DCF, na ndizo zinazofanya kila kadi iwe na folda inaitwa DCIM, ndani yake folda zenye nambari tatu mbele, kuanzia 100 mpaka 999, halafu herufi tano za kampuni, mfano 100CANON au ya Sony 100MSDCF. Jina la picha lina nafasi nane tu: nne za herufi, nne za nambari. IMG_ ni Canon, DSCF ni Fujifilm, DSC_ ni Nikon, na ukiona herufi zimesogea, labda _MG_ au _DSC, kistari kimekuja mbele, hapo ujue kamera imewekwa kwenye mpangilio wa rangi unaoitwa Adobe RGB. Nambari zinaanza 0001 zinaishia 9999 basi, zikifika hapo zinarudi mwanzo kwenye folda mpya. Piga hesabu: mimi harusi moja napiga kama picha 600, kwa hivyo harusi 16 tu nishakaribia kuzunguka, na ule msimu kabla ya Ramadhani hazichukui muda. Lazima utakuwa na IMG_0457 mbili, tatu, nne.

Sasa kilichoniangusha mimi ni kitu kingine kidogo kwenye menyu. Kamera nyingi zinakupa uchague: nambari ziendelee hata ukibadilisha kadi, au zianze upya kila kadi mpya. Kamera yangu nilinunua mkononi Mombasa, aliyekuwa nayo aliiacha kwenye kuanza upya na mimi sikuwahi kufungua hiyo menyu hata siku moja. Kama hujaangalia yako, nenda kaangalie saa hizi kabla hujaendelea kusoma, weka ziendelee. Na kadi ukiitia ifomati kwanza, ndani ya kamera yenyewe si kwa laptop, manake ikiwa na picha za zamani zenye nambari kubwa, kamera inaweza kuendelea kutoka hapo na hesabu yako inavurugika.

Turudi kwa zile picha. Binamu yangu alikuwa amepiga juu ya ile kadi ya hina lakini hakuijaza, tukachukua programu ya bure ya kurudisha picha zilizofutwa, inaitwa PhotoRec, tukaiacha ifanye kazi mpaka alfajiri. Ilirudisha 63. Lakini zilikuja na majina ya ajabu, herufi f na msururu wa nambari, manake ile programu haitazami majina, inachimba picha yenyewe tu, majina na mpangilio vyote vimepotea. Nilichoweza kutumia kuzipanga ni tarehe na saa ambayo kamera inaiandika ndani ya picha, na hapo nikakutana na aibu yangu ya pili.

Saa ya kamera nilikuwa nimeiweka kwa saa zetu. Saa nne asubuhi nimeandika 4, si 10. Ukiwa na kamera moja huoni tofauti, kila kitu kimechelewa saa sita kwa pamoja, ila msaidizi wangu kamera yake ilikuwa kwa saa ya kizungu, na nilipochanganya picha zetu bi harusi akawa anapakwa hina kabla mpakaji hajafika. Nilicheka peke yangu, halafu nikakaa nikazirekebisha zote kwa saa sita. Siku hizi kabla ya kazi tunashika simu moja, kamera mbili tunazilinganisha mpaka dakika, na kama kamera imekaa muda mrefu bila betri nacheki tena maana tarehe hupotea.

Upangaji wangu wa sasa ni rahisi. Kila kadi ina folda yake, sichanganyi kadi mbili kamwe, na jina linaanza na mwaka: 2024-08-17_hina_A. Mwaka mbele kwa sababu laptop inapanga kwa jina, ukianza na siku utakuta Agosti imekaa katikati ya Januari. Baada ya kukopi nabadilisha majina ya picha zote kwa mara moja, natia tarehe mbele na ile nambari ya kamera naiacha mwishoni, ili faili ya RAW, ile picha ghafi ya kamera, na JPG yake zisiachane. Kwenye kadi yenyewe usibadilishe jina hata moja, kamera inaweza isiitambue tena. Jina la mteja silitii kabisa, laptop inaenda kwa fundi, fundi ni mtu, na folda iliyoandikwa mtoto wa fulani kwa mji huu haihitaji maelezo zaidi. Na kadi haifomatiwi mpaka picha ziwe pahali pawili, laptop na diski ya nje.

WhatsApp nayo ina yake. Mama anakuletea picha, "mwanangu nataka hii, kubwa," unatazama jina limekuwa IMG-20240817-WA0003, nambari ya kamera imeondoka na saa ya ndani imeondoka, sasa utafute moja kwa macho kwenye mia sita. Mimi natuma za kuchagua kama dokumenti, jina linabaki.

Yule mama wa Langoni nilimpelekea zile 63 mwenyewe, na pesa ya siku ya hina nikamrudishia. Alizipitia pole pole, moja moja, mpaka akafika ya mamake anaimba, akauliza, "Hii ilikuwa imepotea?" Nikamwambia ndiyo. Akairudia mara mbili, halafu akaniambia nimsafishie nakala tatu, na zile pesa nizichukue hapo mezani nisimtie uchungu.